Puge: Kutoka posho ya msafara hadi gunia la lumbesa

Anayetoka Nzega kwenda Tabora kwa basi akifika Puge amekwishamaliza nusu ya safari. Hata mikataba ya kuweka lami barabara hiyo iligawanywa hapo: Nzega hadi Puge kilomita 58.8, Puge hadi Tabora kilomita 56.1. Kwa abiria wengi, jina la kata hiyo ya Wilaya ya Nzega linaishia kwenye kibao cha barabarani.

Hata hivyo, ukanda huu ulilisha wasafiri muda mrefu kabla ya lami. Julai 1858, Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kazeh, yaani Tabora, akapita nchi ya Wanyamwezi kuelekea kaskazini. Agosti 3 aliliona ziwa ambalo alilipa jina la Victoria.

Enzi hizo Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mpagazi alikula takriban kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni miezi mitatu, kwa hiyo angekula zaidi ya kilo 60 njiani, mara mbili ya mzigo wake. Ndiyo maana pembe za ndovu zilifika pwani na mtama haukufika. Nafaka iliuzwa papo hapo kwa misafara, ikalipwa kwa merekani, kaniki na shanga. Soko lilikuwa mlangoni, na mkulima aliyekuwa na akiba ghalani hakuwa mnyonge.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, biashara hiyo ilikufa. Tawi la Mwanza, lililokamilika mwaka 1928, lilipita Bukene na kuiacha Puge pembeni.

Lami ya miaka ya 2010 imerudisha soko mlangoni, lakini safari hii anayepanga bei ni mwenye lori. Mkulima wa mpunga au mahindi anadaiwa mbolea, ada ya shule na vibarua, hivyo huuza mara baada ya mavuno, wakati kila jirani naye anauza. Kisha inakuja lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Tuseme limeshonewa kilemba likafika kilo 130 na kulipwa kama gunia moja: mkulima ametoa kilo 30 bure, karibu robo ya alichopakia. Hakuna ushuru wa hongo wa zama za misafara unaohitajika hapo.

Dawa inayotajwa ni mizani na ghala la ushirika, na kwa hesabu ni sahihi. Ugumu ni kwamba ghala humtaka mkulima asubiri, na ada ya shule haisubiri. Bila mkopo mdogo unaotolewa kwa dhamana ya magunia yaliyohifadhiwa, mwenye njaa ya fedha ataendelea kusimama kando ya lami na kuuza kwa bei atakayotajiwa na dereva.