Darubini ya Safari Ianze na Mzigo

Anayetaka kujiundia darubini kwa kawaida huanza kwa kuuliza kioo kiwe na upana gani. Ana hoja, kwa sababu kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya mwanga, na mwanga huo huongezeka kwa mraba wa kipenyo: kioo cha milimita 200 hupokea karibu mara 1.8 ya kile cha milimita 150. Hata hivyo, kwa darubini ya kusafiri nayo, linalotangulia ni nani ataibeba, kwa chombo gani, mpaka wapi. Taa za mji huleta weupe angani, na kioo kikubwa hukusanya mwanga wa taa hizo pamoja na wa nyota. Ndiyo maana kioo cha milimita 150 kilichofikishwa penye giza huonyesha galaksi hafifu ambazo kioo kipana zaidi, kilichobaki barazani Kariakoo kwa uzito wake, hakiwezi kuzitenga na weupe wa anga. Anayetaka Mwezi, Mshtarii na pete za Zohali tu hahitaji safari hiyo. Hivyo huonekana vizuri hata mjini.

Mzigo ukishapimwa, ndio unaoamua umbo la kioo. Kwa kipenyo cha milimita 150, kioo chenye umbali wa fokasi wa milimita 1200 husamehe makosa ya msagaji, lakini hudai bomba refu kuliko kiti cha basi. Cha milimita 750 huingia kwenye buti bila shida, ila uso wake lazima uchongwe kuwa parabola halisi, kwa kosa lisilofika sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Usahihi huo hupatikana nyumbani. Mbinu ya Mfaransa Léon Foucault ya miaka ya 1850 huupima kwa taa na wembe. Lakini unadai subira ya wiki nyingi, na kwa maoni yangu anayeanza anunue kioo kilichokwisha kusagwa. Atakayesema kwamba hapo hajajiundia kitu akumbuke kwamba Newton, mwaka 1668, alijisagia kioo chake cha metali kwa kuwa hapakuwa na wa kumuuzia. Kinachoifanya darubini ibebeke ni mambo mengine: sanduku, fremu na kiweko. Hapo fundi wa nyumbani humshinda mwenye kiwanda, maana yeye ndiye anayejua njia yake. Bomba zima anaweza kulibadilisha kwa pete mbili za plaiwudi, fito nne za alumini zinazofunguka, na kitambaa cheusi cha kuzuia mwanga wa pembeni.

Kuhusu kiweko, John Dobson, aliyekuwa mtawa huko San Francisco, alionyesha kuanzia miaka ya 1960 kwamba sanduku la plaiwudi linalozunguka juu ya vipande vya tefloni hutosha kubeba hata vioo vikubwa. Kwetu kiweko hicho kina faida ya ziada. Kile cha kitaalamu, chenye mhimili unaopaswa kulingana na mhimili wa Dunia, kwa kawaida hulengwa kwa Nyota ya Kaskazini, na kwa mtu wa Nairobi au Kampala nyota hiyo imelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya vilima na ukungu. Sanduku la Dobson halihitaji kulengwa popote. Wapo wanaohofia kwamba chombo chepesi hutikiswa na upepo, na ni kweli. Dawa yake ni mfuko mtupu unaojazwa mchanga ukishafika na kuwekwa kwenye kitako. Pingamizi zito zaidi ni la utosini: sanduku hilo hufuata kwa taabu nyota iliyo juu kabisa ya kichwa, na karibu na ikweta sayari hupita huko mara kwa mara. Lakini anga husogea digrii 15 kwa saa, kwa hiyo sayari iliyokwama utosini huwa imeshuka vya kutosha kabla chai ya chupa haijapoa.