Mwiba wa Mkindu

Mkindu unaufahamu. Huota kandokando ya mito na mahali penye majimaji, kama katika bonde letu la Kilombero. Ukindu wake husukwa mikeka na vikapu. Wapo pia wanaopanda mche wa mkindu katika ndoo kuukuu na kuuweka barazani au sebuleni uwe pambo. Ni pambo zuri lisilo na gharama. Lakini lina miiba.

Kuutunza si kazi kubwa. Weka ndoo karibu na dirisha au mlango ili mti upate mwanga. Toboa matundu chini ya ndoo maji yasituame. Kama umeweka sahani chini yake, mwaga maji ya sahani hiyo na kuisugua kila baada ya siku tatu. Mbu anayeuma mchana, aletaye homa ya dengi, hutaga mayai katika vyombo kama hivyo. Mayai hayo hunata ukingoni, na hayafi upesi hata chombo kikikauka. Ndiyo maana nasema sugua.

Sasa tuje kwenye kupogoa, yaani kukata makuti yaliyozeeka. Kata kuti lililokauka kabisa. Linaloanza kuwa njano liache, kwa sababu mti bado unapata chakula humo. Kichipukizi cha katikati usikiguse. Kila shina la mkindu lina kichwa kimoja tu cha kukulia. Ukikikata, shina hilo hufa.

Tazama kuti kule chini, karibu na shina. Vijani vyake vya hapo vimegeuka kuwa miiba mirefu, migumu na yenye ncha kali. Mkono wa mwenye kukata hupita hapo hapo. Kwa hiyo vaa viatu, funga mkono kwa kitambaa kizito, na usiinamishe uso karibu na makuti, maana jicho likichomwa linaweza kupofuka. Ondoa miiba kwanza, ndipo ukate kuti. Miiba yote ifukie shimoni. Watoto wetu hutembea peku.

Mwiba ukikuchoma, uchomoe, kisha osha jeraha kwa maji mengi na sabuni. Usipake kinyesi cha ng'ombe, udongo wala majivu. Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na kinyesi cha wanyama, na hustawi mahali pasipo hewa. Tundu la mwiba ni jembamba na refu. Juu linajifunga, ndani hewa haifiki. Fika zahanati siku hiyo hiyo uulize kama unahitaji chanjo ya pepopunda. Akina mama huchanjwa wakiwa wajawazito, lakini wanaume wengi hata hawakumbuki walichanjwa lini.

Ugonjwa huu mara nyingi huanza kati ya siku ya 3 na ya 21. Taya hukaza, kumeza kunakuwa shida, kisha shingo na mgongo hukakamaa. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja. Hata huko, wengine hufa.

Liko jambo jingine ambalo mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Mzee mmoja alikuja na kidole kilichovimba kwenye kiungo. Nilimpa dawa ya maumivu, uvimbe ukapungua. Baada ya wiki chache akarudi, nikampa tena. Niliona ni baridi yabisi ya uzee. Safari ya tatu ndipo nilipomwuliza kama aliwahi kuchomwa na kitu. Akasema, "Mwanangu, mwiba wa mkindu, lakini ni zamani, niliutoa." Kumbe ncha ilibaki ndani ya kiungo. Hospitali waliitoa kwa kupasua, nayo ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele.

Picha ya eksirei mara nyingi haionyeshi mwiba wa mti. Kwa hiyo ukija kwetu na kiungo kilichovimba, hata kama miezi imepita, tutajie mwiba huo kabla hatujakuuliza.