Hamu ya Chakula Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

 

Upasuaji huu hupunguza mfuko wa chakula, lakini hauondoi hamu. Miezi ya kwanza njaa huwa kidogo. Baadaye hamu ya mandazi, soda na chipsi hurudi. Usijilaumu, lakini jihadhari: vitu vitamu vikishuka haraka kwenye utumbo, moyo waweza kwenda mbio, ukatokwa na jasho na kuhara.

Ufanye nini? Kwanza, jiulize kama ni njaa ama ni mawazo. Ngoja dakika 15, ukifanya kazi ndogo ama ukizungumza na jirani. Pili, kula kidogo kidogo, ukianza na yai, samaki, maharagwe ama ndengu. Tatu, usinywe maji pamoja na chakula. Ngoja dakika 30.

Ukitamani udongo, odowa ama barafu, huenda damu imepungua. Nenda kliniki upimwe, wala usiache vidonge vya vitamini na madini ulivyoandikiwa.

Nawe unayempikia, usimlazimishe kumaliza sahani. Akishiba, ameshiba.