Binti wa Mji wa Mawe: kitabu cha kumsomea mwanao msimu huu

Malipo ya korosho yakiingia, nyumba nyingi za Nachingwea na Ruangwa huwa zimeshapanga matumizi: mabati, sare za shule, deni la dukani na, kwa wenye mabinti waliofikia umri, unyago. Kitabu cha hadithi mara nyingi hakimo katika hesabu hiyo. Leo tunakuomba, mzazi mwenzetu, uongeze kimoja.

Kitabu chenyewe ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Waliokisoma shuleni huwakumbuka nyani wawili wanaochapwa kila usiku. Kumbe nyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu wa Adili waliomtosa baharini, kisha wakageuzwa na jini Huria. Msichana Mwelekevu husahaulika, na yeye ndiye tunayemtaka leo.

Adili anamkuta katika Mji wa Mawe, mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe. Binti huyu wa mfalme ndiye pekee aliyebaki hai. Hana upanga wala jeshi. Hata hivyo upweke haukumvunja: ana akili zake timamu, na anaweza kumweleza mgeni jinsi mji wake ulivyoangamia. Jina lake nalo ni fundisho, kwani mwelekevu ni mtu mwepesi wa kufahamu.

Mtoto akiuliza kama mji wa namna hiyo upo, mwambie habari za Kilwa Kisiwani, hapa hapa mkoani Lindi. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kuusifu uzuri wake. Ulitajirika kwa dhahabu ya Sofala, Wareno wakauteka mwaka 1505, na leo magofu yake ni urithi wa dunia. Bibi naye anaweza kuongeza habari za mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza Nachingwea miaka ya 1940, na reli ya kutoka Mtwara iliyokuja kisha ikang'olewa. Mtoto ataona kwamba mji huanguka hata bila jini.

Someni kurasa chache kila jioni baada ya kula. Yeye asome, wewe usikilize, na wavulana wakae hapo hapo. Kiswahili cha kitabu ni cha zamani kidogo, hivyo neno gumu liulizeni kwa wakubwa. Mkifika Mji wa Mawe, mwulize: ungekuwa wewe, ungemweleza mgeni nini kwanza? Kisha nyamaza, umwache ajibu mpaka mwisho.

Si swali la mchezo. Unyago humfundisha binti heshima na kutunza siri, na hayo yana mahali pake. Lakini ipo siku huenda mtu akamtaka aache shule aolewe. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inamfunga miaka 30 anayemwoa mwanafunzi. Sheria hiyo haiwezi kumsaidia mtoto asiyejua kwamba anaruhusiwa kusema. Aliyezoea kusikilizwa nyumbani, hata kwa habari za nyani na majini, atajua wa kumwendea.