Kiungo bandia nacho huchakaa, usipuuze maumivu

BAADHI ya wagonjwa waliobadilishiwa nyonga au goti hudhani kwamba wameagana na daktari wa mifupa milele. Maumivu yamekwisha, mkongojo umewekwa kando na safari za sokoni zimerejea. Hata hivyo, kiungo bandia nacho huchakaa.

Msingi wa upasuaji wa kisasa wa nyonga uliwekwa na daktari Mwingereza, John Charnley, mnamo 1962, alipotumia kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba nyonga bandia 58 kati ya 100 hudumu miaka 25. Kwa magoti yaliyobadilishwa yote, idadi hiyo ni 82. Ndiposa anayebadilishiwa kiungo akiwa na miaka 50 ana uwezekano mkubwa wa kurudi kwa daktari kuliko mwenye miaka 75.

Je, kiungo hicho huharibikaje? Katika kila hatua, chuma husugua plastiki na kutoa chembechembe ndogo mno. Seli za kinga ya mwili huzishambulia, na katika vita hivyo mfupa ulio karibu huliwa. Polepole kiungo hulegea. Sababu nyingine ni maambukizi ya bakteria, kuteguka mara kwa mara, na mfupa kuvunjika mgonjwa aangukapo.

Upasuaji wa marudio ni mgumu kuliko ule wa kwanza. Sharti daktari aking'oe kiungo cha zamani pamoja na saruji inayokishikilia, bila kuvunja mfupa uliosalia. Palipolika hujazwa mfupa wa kupandikizwa au vipande vya chuma, kisha kiungo kipya, aghalabu chenye shina refu zaidi, hutiwa. Muda wa upasuaji huwa mrefu, na damu inayopotea huwa nyingi.

Iwapo kuna maambukizi, mara nyingi mgonjwa hupasuliwa mara mbili. Kwanza kiungo huondolewa na nafasi yake kuzibwa kwa saruji yenye dawa za kuua bakteria. Baada ya wiki kadhaa za matibabu, ndipo kipya huwekwa.

Kwa hivyo, maumivu mapya ya kinena, paja au goti, uvimbe, joto, usaha au mguu kufupika ni ishara za kukimbilia hospitali. Kumeza tembe za maumivu huku mfupa ukizidi kuliwa ni kumpunguzia daktari mahali pa kushikizia kiungo kipya.

Aidha, mfupa unaweza kulika bila kuuma. Eksirei ya mara kwa mara, kwa ratiba atakayotoa daktari, huufichua uharibifu huo mapema. Vilevile, hifadhi stakabadhi zinazoonyesha aina na ukubwa wa kiungo ulichowekewa. Daktari atakayekupasua baadaye atazihitaji ili ajue vifaa atakavyoandaa.