Swichi za rilei: uliza kwanza zinamtii nani mtandao ukikatika

SWICHI ndogo za rilei, zile zinazofichwa nyuma ya swichi ya ukutani na kuwashwa kwa simu, si bidhaa ya majumba ya Masaki peke yake. Mwenye gesti Katoro, mwenye bucha Kahama na mwenye kisima Shinyanga mjini nao wana sababu ya kuzitaka, na sababu hiyo ni LUKU. Kwa kiwango cha T1 kilichopangwa mwaka 2016, uniti moja ni shilingi 292, na kodi na tozo zikiongezwa inafika kama shilingi 356. Pampu ya kilowati 1.1 ikisahauliwa saa nane za usiku hula uniti 8.8. Hizo ni zaidi ya shilingi 3,100 zilizopotea, mbali na maji yaliyomwagika uani.

Rilei yenyewe si kitu kigeni kwa fundi yeyote: ni sumaku ya umeme inayovuta pointi mbili zikutane. Kilichoongezwa ni chipu ya redio. Chipu ya ESP8266 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, iliyotoka mwaka 2014, ndiyo iliyoifanya bidhaa hii kuwa ya bei nafuu, na swichi za awali za Sonoff kutoka Shenzhen zilijengwa juu yake. Shelly, jina jingine linalojulikana sana, ni za kampuni ya Bulgaria.

Tatizo linaanzia kwenye programu. Swichi nyingi za bei ya chini hutegemea seva ya mtengenezaji. Mwenye nyumba akiwa sebuleni Geita, taa ikiwa juu ya kichwa chake, amri yake hutoka kwenye simu, ikaenda ng'ambo, kisha ikarudi kwenye taa ile ile. Bando likiisha, amri haifiki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Swichi ya namna hiyo siku ile haikuwa na wa kuisikiliza.

Kuna hatari kubwa zaidi, nayo ni ya kibiashara. Aprili 2022 kampuni ya Insteon ya Marekani ilizima seva zake bila kuwaarifu wateja. Vifaa vilikuwa vizima ukutani, lakini aplikesheni ikafa. Waliokuwa wameviunganisha na programu inayokaa ndani ya nyumba zao waliendelea kuwasha taa kama kawaida. Mwekezaji mdogo akumbuke pia Tuya, ambayo huduma yake huendesha swichi nyingi zisizo na jina: hisa zake ziliuzwa New York kwa dola 21 Machi 2021, na mwaka uliofuata zikashuka chini ya dola 2. Kampuni haijafa, lakini bei hiyo inaonyesha soko lilivyoyumba.

Programu ya ndani inayotumika zaidi ni Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Hutolewa bure, na tangu 2024 inasimamiwa na taasisi ya Open Home Foundation. Inakaa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi au kompyuta kuukuu iliyoachwa ofisini. Ruta, kompyuta hiyo na rilei huzungumza wenyewe kwa wenyewe, intaneti iwepo isiwepo. Mara nyingi lugha yao ni MQTT, iliyobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyosimamiwa kwa setilaiti, mahali ambapo mawasiliano yalikuwa ghali na membamba. Watu wa Nyarugusu wataielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Shelly hukubali kazi hii bila kufunguliwa. Sonoff za zamani hubadilishwa programu yake ya ndani, kwa mfano kwa kuwekewa Tasmota, na kazi hiyo hufanywa kifaa kikiwa kimechomolewa kabisa kwenye umeme wa ukutani. Fundi anayepuuza hilo anahatarisha kompyuta yake na uhai wake.

Sasa tuje kwenye ampia, ambako pesa nyingi hupotea. Rilei iliyoandikwa ampia 10 haina maana kwamba itabeba kila kitu cha ampia 10. Mota ya pampu inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida, na pointi za rilei zinaweza kushikana kwa joto. Zikishashikana, simu inaonyesha pampu imezimwa huku inaendelea kuzunguka, na mwenye nyumba analala akiamini simu. Shawa ya moto ya wati 5,500 nayo huvuta karibu ampia 24 kwenye volti 230. Kwa vyote viwili, rilei iwashe koili ya kontakta tu, na kontakta ndiyo ibebe mzigo.

Kwa mwenye karasha tunasema wazi zaidi: rilei ya simu isiachiwe kuwasha mashine yenyewe. Umeme ukikatika na kurudi, swichi nyingi zinaweza kupangwa ziwake, zizime au zirudi zilipokuwa. Kwenye taa za nje huo ni urahisi. Kwenye karasha, kurudi zilipokuwa kunaweza kumkuta mtu mkono ukiwa ndani. Mashine ya namna hiyo iwashwe na mtu aliyesimama mbele yake, na kitufe cha kuzima cha dharura kipite kwenye waya, si kwenye programu.

Mwenye bucha apange friza lingoje dakika chache baada ya umeme kurudi, na asiondoe kilinda friji chake, kwa kuwa rilei haizuii volti kupanda.

Kwa mfanyabiashara anayefikiria kuagiza mzigo: vifaa vyenye redio vinahitaji idhini ya TCRA, na kazi ya kufunga ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Agiza kontakta pamoja na rilei, maana mteja wa pampu atazihitaji zote mbili. Kagua pia kama ruta za wateja wako zinatoa mawimbi ya gigahezi 2.4, kwani chipu ya ESP8266 haisikii mengine. Na kabla ya kumwahidi mteja chochote, mwombe fundi afungue boksi moja la swichi. Katika nyumba nyingi humo hamna waya wa nyutro, na rilei ya kawaida haiwaki bila huo. Itabidi ifungwe juu ya dari penye taa, au ichukuliwe aina iliyotengenezwa kufanya kazi bila nyutro.