Deni Linalolipwa Kila Mwezi Wala Haliishi

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha asimamapo Bungeni Dodoma kusoma bajeti, husikika neno moja ambalo wananchi wamekwisha lizoea: kwamba deni la taifa ni himilivu. Maana yake tunadaiwa, lakini mzigo haujatuangusha. Neno hilo nililisikia tena juzi, si redioni, bali barazani kwangu, kinywani mwa mtu mzima aliyenijia na mkewe baada ya sala ya Magharibi.

Mume ni karani katika ofisi moja ya umma mjini Dar es Salaam. Mke ni mzaliwa wa Wete, Pemba, naye ana duka dogo la khanga na vitenge Kariakoo, na baadhi ya mizigo humpelekea dada yake Darajani kwa boti. Walikuwa wamebishana siku tatu. "Bwana Katibu," akasema mume, "kila mwezi tunalipa. Hajapata kuja mtu kutugongea mlango. Deni letu ni himilivu, sasa wasiwasi wa nini?" Mkewe akajibu kwa sauti ya chini: "Himilivu kwa nani, kaka? Asiyelala ni mimi."

Katika nchi za Ulaya na Marekani watu wa hali yao huulizana swali hilo hilo kuhusu kadi za benki za kukopea, ambazo mwenye nayo anaruhusiwa kulipa kidogo tu kila mwezi na salio likaendelea kuzaa riba. Kwetu kadi hizo ni za wachache. Lakini tangu mwaka 2014, ilipoanzishwa huduma ya M-Pawa, mwananchi ameweza kukopeshwa kupitia simu yake ya mkononi bila ya kumwona meneja wala kuleta mdhamini. Nyuma yake zikaja nyingine nyingi, na nyuma ya hizo wakaja wale ambao Kariakoo yote inawaita "kausha damu".

Nikawaomba karatasi. Chuoni tulisomeshwa kuwa aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, haihusu vita wala ufalme. Inahusu deni, na inaagiza liandikwe. Nawaambieni kweli, kazi ya kuandika ilikuwa nzito kuliko mazungumzo yote yaliyotangulia, kwani kila mmoja alikuwa na deni ambalo mwenziwe hakulijua.

La kwanza lilikuwa la mume: mkopo wa benki unaokatwa katika mshahara. Hili lina mlinzi. Kila karani wa mishahara anaijua kanuni ya theluthi moja, kwamba mtumishi wa umma hana budi kubakiwa na si chini ya theluthi ya mshahara wake wa msingi. Mshahara wa bwana huyu ni shilingi 900,000, na baada ya makato yote hupokea 410,000. Kwa daftari la ofisini, hana tatizo.

La pili ni la mke, nalo ndilo kubwa kwa hesabu: khanga na vitenge vya shilingi 1,200,000, alivyochukua kwa mali kauli kwa mfanyabiashara wa jumla. Wageni wa Kariakoo hushangaa wakisikia kuwa bidhaa za mamilioni hutoka ghalani kwa neno la mdomo tu, mtu akauze kisha arejeshe. Ndivyo biashara ya pale inavyokwenda, na nusu ya maduka ya visiwani yasingekuwa na kitu rafuni lau si mali kauli. Mume alipoiona tarakimu hiyo alishtuka, lakini mimi sikushtuka. Nyuma ya deni hili kuna mali inayoonekana, na hulipwa kwa mauzo, si kwa unga wa watoto. Hatari yake ni ya namna nyingine. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, na jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, mali ilipotea lakini ahadi za wenye mali hazikupotea pamoja nayo. Bibi huyu hana bima.

La tatu ni la kikundi chao cha kukopeshana, marejesho ya shilingi 60,000 kwa mwezi. Hili tuliliandika upesi tukapita.

La nne lilikuwa dogo kuliko yote, shilingi 150,000 tu, mkopo wa simu. Nikauliza ada yake. Mke akasema hukatwa shilingi kumi kwa kila mia, kwa mwezi. Nikauliza ulianza lini. Wakatazamana. Ulianza mwaka jana, ada za shule zilipofunguliwa. Kila mwezi huulipa wote, na kila mwezi, kabla wiki haijaisha, huukopa tena kwa sababu malipo yenyewe yameacha pengo. Tukapiga hesabu: shilingi 15,000 mara miezi kumi na miwili ni 180,000. Wamekwisha toa zaidi ya walichokopa, na bado wanadaiwa kile kile 150,000. Kwa mfano wa kulinganisha, ukomo uliowekwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wa daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ni asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa deni hilo ni shilingi 5,250.

Mume hakuwa mwongo aliposema wanalipa kila mwezi. Ila alikuwa analipa kwa mkopo.

Hapa nataka kusema na ndugu zangu wa visiwani, kwani wazee wetu waliijua hesabu hii kabla ya simu. Shamba la mikarafuu lilikuwa likiwekwa rehani wakati bei ni nzuri na mavuno ni mema, na mwenye shamba akilala usingizi. Bei ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1930, deni lile lile likawa halibebeki, hata mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikalazimika kutoa amri ya kuzuia mashamba yasiwahame wenyewe, na mwaka 1938 ikafuata amri nyingine ya kusuluhisha madeni. Basi deni lipimwe kwa msimu mbaya. Duka la bibi huyu hutoa faida ya shilingi 350,000 karibu na Sikukuu, lakini katika miezi ya ukame hutoa 120,000. Matumizi ya nyumba ni 450,000. Mwezi wa ukame ukiisha, na kikundi kikishalipwa, wanabakiwa na shilingi 20,000 za kukabili 165,000 za simu. Mwezi wa neema hubakiwa na 250,000, na wangeweza kulifuta deni hilo kwa siku moja.

Mbona basi hawakulifuta? Mume akainama. Mwezi wa neema uliopita fedha zilikwenda katika michango ya harusi, mitatu, ambayo hakumwambia mkewe.

Na maofisa wetu wanaosoma safu hii nao wana la kujibu. Kanuni ya theluthi moja humlinda mtumishi dhidi ya makato yanayopita katika daftari la mishahara. Mkopo wa simu haupiti humo. Ni kweli Benki Kuu mwezi Novemba 2024 ilitangaza majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali, na ilistahili pongezi, kwani baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo walifikia kuwapigia simu jamaa na mabosi wa mdaiwa ili wamwaibishe. Lakini aliye na kibali naye anakopesha saa nane za usiku, kwa kubonyeza mara tatu, na hakuna anayemuuliza mkopaji kama mkopo wa jana umelipwa kwa jasho au kwa mkopo mwingine. Swali hilo moja laweza kuwekwa katika masharti, na lisingemgharimu mtu.

Wakaniuliza hukumu yangu. Nikamwambia mume kuwa deni lao si la kuuza kitanda, na nikamwambia mke kuwa kutolala kwake kuna sababu. Mali kauli iendelee, ila asiongeze mzigo kabla hajauza nusu. Benki iendelee kukata. Hilo la simu life mwezi wa neema ujao, lote, kabla ya jambo jingine lolote.

"Lote?" akauliza mume. "Na mchango wa harusi ya mtoto wa mkuu wangu wa kazi?"

Mkewe alikwisha ikunja ile karatasi na kuifunga katika pindo la khanga.